Mita Moja na Nusu kwa Dakika

Mzee Émile Kunda hakusimulia kisa hiki hata siku moja kwa kusema "mimi". Alisema "ule karani mujinga", na mgeni aliyeketi kwake katika mtaa uitwao Kenya kwa mara ya kwanza aliweza kumcheka karani huyo mpaka machozi yakamtoka, kabla Mama Claudine hajapita na sufuria mkononi akasema, "Huyu njo yeye. Muangalie muzuri. Njo huyu alinioa." Mzee hakukana. Alisogeza kiti chake kivulini, akaendelea kumsema karani kana kwamba karani aliwahi kumwibia kuku.

Basi tumchukue hivyo hivyo, karani mjinga, mwaka 1953, mwezi wa kumi, Élisabethville yote inangoja mvua na mvua inajivuta. Umri wake miaka thelathini na miwili. Kazi yake ni kutunza nyumba ya mashine katika machimbo ya Bwana Verbeke, nje ya mji, walikopasua mawe ya kujengea barabara. Humo ndani kulikuwa na kompresa moja kubwa iliyokunywa mazuti, yaani dizeli, na kubana hewa. Hewa ikaingia katika tangi la chuma refu kuliko mtu, na kutoka kwenye tangi ikapita katika bomba la mita mia nne hadi mwambani, ambako wanaume wanne walishika mashine nne za kutoboa mawe. Mashine hizo kila mtu aliziita marto. Kompresa ikinyamaza, marto nazo zinanyamaza, na hapo ndipo Bwana Verbeke anapoanza kusema.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa shati. Claudine alilitia wanga, akalipiga pasi ya makaa mpaka likasimama lenyewe kitandani, na Émile alitoka nalo asubuhi akitembea kwa tahadhari, mikono mbali na mbavu, asije akalikunja. Lakini nyumba ya mashine ilikuwa na paa la bati, na kompresa nayo ilitema joto lake. Ikifika saa nne ya asubuhi shati limekuwa kitambaa cha kufutia meza. Hilo lilimuuma kuliko njaa. Mtu aliyesoma miaka sita kwa mapadri, anayejua ujazo wa pipa na kugawanya kwa desimali, atatokaje jasho kama mtu wa sepetu?

Mwezi wa tisa alipata dawa. Juu ya tangi kulikuwa na tundu dogo lenye skrubu, halina kazi. Émile akafunga hapo kibomba chembamba cha shaba, akakipitisha ukutani hadi juu ya kiti chake, na mwisho wake akatia kopo la maziwa alilolitoboa matundu kwa msumari. Akafungua skrubu. Eh, bakwetu! Upepo ukamshukia shingoni kama maji ya kisima. Tangu siku hiyo shati lilirudi nyumbani likiwa limesimama kama lilivyotoka. Wenzake walipomuuliza siri, akagusa kipaji cha uso na kidole kimoja akasema, "Muntu ya akili hatokake jasho." Mzee akifika hapa alikuwa anafumba macho kwa aibu, halafu anarudia maneno hayo mara ya pili ili mgeni ayasikie vizuri.

Mwezi huo huo wa tisa, marto ya nne ikaanza kulala.

Wewe umeshaona. Karani hakuona. Nyani haoni kundule, ndivyo ilivyo, na huyu alikuwa nyani mwenye kalamu mfukoni.

Aliyeshika marto ya nne, ya mwisho kabisa kwenye bomba, alikuwa Feruzi, mtu wa ukoo wa Maniema, mabega mapana na ulimi mrefu. "Marto yangu iko nabembeleza jiwe," alilalamika mbele ya watu wote. "Iko naliimbia lilale. Mukiniletea kijiko nitachimba mbio zaidi." Bwana Verbeke, Mbelgiji mfupi aliyejifunza Kiswahili kwa amri na hakuongeza kingine, akamwita Émile. "Hewa iko napotea," akasema. "Weye unajua calcul. Tafuta wapi. Ukipata, capita ya mashine njo weye."

Capita! Msimamizi wa mashine zote, mwenye kofia na filimbi. Émile alirudi kwenye kiti chake, akaketi chini ya kopo lake, akaanza kupiga hesabu kwa raha.

Na hesabu yenyewe, tuseme haki, ilikuwa nzuri. Kompresa ilitoa mita za ujazo kumi na mbili za hewa kila dakika. Marto moja ilikula tatu. Tatu mara nne ni kumi na mbili, kwa hiyo hewa ilitosha kamili, haibaki hata ya kupuliza vumbi. Kama marto ya nne inalala, basi kuna hewa inayotoka njiani. Lakini ni kiasi gani? Hapo Émile alitabasamu, kwa kuwa padri mmoja wa Sakania alikuwa amemfundisha kupima mapipa ya maji, na alijua kwamba hewa nayo hupimika. Tangi lilikuwa na ujazo wa mita tatu. Bomba, urefu wake mara eneo la tundu lake, lilikuwa na tatu nyingine. Jumla sita. Ukijaza hewa hadi sindano ya manometa, kile kipimo cha mgandamizo, isome saba, ukazima kompresa, na marto zote zimefungwa, sindano inapaswa kukaa palepale. Ikishuka namba moja, ujue ujazo mzima wa tangi na bomba, mita sita, umekwenda zake nje. Unachohitaji ni saa tu, na Jumapili ambayo hakuna anayefanya kazi.

Jumapili ya kwanza alikwenda peke yake. Akajaza, akazima, akaketi na saa yake ya mfukoni. Joto lilikuwa la kukaangia karanga, lakini karani hakulisikia, maana kopo lilikuwa linampulizia vizuri. Wala sauti yake hakuisikia. Miaka kumi na moja karibu na kompresa ilikuwa imemwachia masikio ya mapambo. Sindano ikashuka kutoka saba hadi tano katika dakika nane. Namba mbili, mara sita, ni kumi na mbili. Kumi na mbili kwa nane, moja na nusu. Mita moja na nusu kwa dakika! Nusu kamili ya chakula cha marto moja! Akaipigia mstari mara mbili, akavuta pumzi ya hewa baridi, akajipongeza.

Sasa, bomba lilikuwa kazi ya Ngosa. Ngosa Mwape, fundi wa mabomba, alikuwa ameunga kila kipande cha mita zile mia nne kwa mikono yake. Yeye na Émile walitoka Sakania kwa treni moja mwaka 1941, wakalala mji mgeni chini ya blanketi moja, na miezi ya kwanza, Émile akiwa hana kazi, walikula bukari ya Ngosa, ugali wa jasho lake. Ngosa hakusoma, lakini mikono yake ilijua chuma. Sasa aliishi na mke wake Angélique katika nyumba ya kambi ya machimbo, na Angélique alikuwa na mimba ya miezi minane.

Wiki ile marafiki hao wawili walipita bomba zima na ndoo ya maji ya sabuni, wakipaka kila kiungo na kuangalia povu. Walipata viungo viwili tu vilivyotoa povu dogo, la kuchekesha. Ngosa akavikaza. Walizungumza kwa kupiga kelele, maana masikio ya Ngosa nayo yaliharibiwa na marto, na watu wa mbali walidhani wanagombana. Jumapili ya pili Émile akapima tena. Dakika nane, na sekunde chache juu yake. Moja na nusu, ile ile.

Hapo mtu mwenye busara angejiuliza swali. Karani hakujiuliza. Akili nyingi huondoa maarifa. Alifikiri hivi: tangi ni la Ulaya, haliwezi kuvuja, kompresa ni ya Ulaya, kilichobaki ni mikono ya Ngosa. Hakuandika kwa chuki, hapana, na hilo ndilo baya zaidi. Aliandika kwa mwandiko mzuri, Kifaransa cha mapadri, kwamba viungo vya bomba vina udhaifu uliofichika ambao sabuni haiwezi kuuonyesha. Udhaifu uliofichika! Mzee alikuwa akiyataja maneno hayo kwa Kifaransa, kisha anatema mate pembeni.

Bwana Verbeke aliamini karatasi. Jumamosi alimwita Ngosa akamwambia kwamba Jumatatu atarudisha ufunguo wa nyumba, kwamba kitabu chake cha kazi kitapigwa muhuri, na kwamba fundi mwingine ameshaitwa kutoka Kambove. Mtu asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini siku hizo. Ilikuwa ni treni ya kurudi Sakania, na Angélique tumbo lake pale.

Habari ilimfikia Claudine kabla ya mume wake kufika nyumbani. Alikuwa na pasi mkononi, na shati la Jumapili mezani.

"Ngosa?" akauliza. "Ngosa ya blanketi moja?"

"Haiko miye, Claudine. Ni hesabu."

"Ah, hesabu! Hesabu njo ilikulaka bukari yake, ao ni weye?" Akaiweka pasi chini. "Shati yako, piga weye mwenyewe."

Jumapili ya tatu Émile alikwenda kwenye nyumba ya mashine akiwa amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, mkunjo mmoja unaelekea mashariki na mwingine magharibi. Alijiambia amekwenda kuhakiki. Kweli alikuwa amekimbia nyumbani. Akajaza hewa, akazima kompresa, na alipoinua kichwa Ngosa alikuwa amesimama mlangoni na spana begani, nguo zimelowa jasho la njia.

"Kaa," Émile akapiga kelele.

"Sikai," Ngosa naye akapiga kelele. "Nimekuja kuuliza kintu kimoja. Miye sijue kusoma, weye unajua. Lakini tiyo yangu inaanzia hapa." Akaweka mkono juu ya vali kubwa, pale bomba linapotoka kwenye tangi. "Funga hii vali. Tiyo inabaki inje, tangi inabaki ndani. Sindano ikisimama, hewa iko natokea kwangu. Kesho ninarudisha ufunguo, bila neno hata moja. Sindano ikishuka..."

Émile akafungua kinywa kueleza kwamba fomula haiendi hivyo. Kisha akakifunga. Fomula ilikwenda hivyo hivyo. Wiki tatu alikuwa amehesabu tangi na bomba pamoja kama jumla moja tukufu, na mtu asiyejua kuandika jina lake alikuwa amekuja kuvitenganisha kwa mkono mmoja. Akasikia masikio yake yanapata moto. Akafunga vali.

Wakaikodolea macho, wanaume wawili kwa sindano moja. Ikashuka. Haikuchelewa, haikusita; ilishuka kama mtu anayejua njia ya kwao. Kutoka saba hadi tano ilichukua dakika nne.

Wazo la kwanza la karani, na Mzee hakulificha, lilikuwa kwamba vali ni mbovu. Wazo la pili ni kwamba saa ni mbovu. Halafu kalamu ikaanza yenyewe. Tangi peke yake, mita tatu. Namba mbili mara tatu, sita. Sita kwa nne, moja na nusu. Akafuta, akaandika upya. Moja na nusu. Akajaribu kwa kuanzia mwisho, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kupitia dirishani, na humo ndani akaikuta moja na nusu imemkalia kiti. Hewa yote iliyopotea ilipotelea upande huu wa vali, ndani ya nyumba hii, kwenye tangi la Ulaya.

Ngosa alikuwa haiangalii tena sindano. Alimwangalia Émile. Jasho lilimtiririka Ngosa kutoka kwenye nywele hadi kidevuni, lilidondoka sakafuni, na mbele yake alikuwa ameketi mtu mkavu kabisa, mkavu kama karatasi, mwezi wa kumi, chini ya bati. Ngosa akasogea. Akanyoosha uso wake uliolowa, akasikia ubaridi, akainua macho, akaona kopo la maziwa.

Alifanya kama fundi wa mabomba anavyofanya: akaweka kidole kwenye kopo, akakifuata kibomba cha shaba taratibu, ukutani, kwenye kona, hadi juu ya tangi, hadi kwenye skrubu. Akaifunga kwa vidole viwili. Sindano ikasimama. Wakaingoja dakika moja, dakika tano, dakika kumi. Ilikuwa imelala usingizi wa kweli.

Na joto likamwangukia Émile. Tone la kwanza lilitoka nyuma ya sikio, likashuka ndani ya kola, na nyuma yake yakaja mengine yote ya tangu mwezi wa tisa. Kikulacho kimo nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakuwa wameona hata kompresa.

Alitegemea kupigwa. Kwa kweli aliomba apigwe, spana ilikuwa pale pale. Lakini Ngosa aliiweka tu vizuri begani.

"Angélique alisha kufunga bintu," akasema, safari hii bila kupiga kelele, na Émile alimsoma midomo. "Iko nalia tangu jana. Anasema mutoto atazaliwa mu treni." Akafika mlangoni akageuka. "Miye sina maneno, ndugu yangu. Weye njo unajua kuandika."

Akaenda zake.

Mchana ule karani mjinga alikaa peke yake akijaribu kutafuta uongo mdogo, wa kutosha watu wote. Angeondoa kopo, aseme viungo vimepona. Lakini fundi wa Kambove alikuwa njiani, na Bwana Verbeke angesema vizuri, vimepona, lakini nani aliviharibu? Angesema tundu la tangi lilifunguka lenyewe. Lakini kopo la maziwa halipandi ukutani lenyewe. Kila uongo alioupima ulivuja mahali, na kila ulipovuja aliyelowa ni Angélique. Mwishowe akachukua karatasi safi, na jasho likawa linadondokea wino, akaandika mistari miwili:

*Hewa inayopotea: mita za ujazo moja na nusu kwa dakika. Mahali: shingo ya karani.*

Jumatatu saa moja ya asubuhi alisimama mbele ya meza ya Bwana Verbeke na kopo la maziwa mkononi, hana pa kulificha. Bwana alisoma mara moja, akasoma tena. Uso ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Aliongea kwa muda mrefu, Kifaransa na Kiflamani na kile Kiswahili chake, na hatuna haja ya kurudia. Punda alitajwa, nyani alitajwa. Karatasi ya kwanza, ile ya udhaifu uliofichika, aliichana vipande vinne. Halafu akatulia, maana alikuwa mtu wa mashine pia, na kitu kimoja kilimvutia.

"Vali," akasema. "Kufunga vali kwanza. C'est bien, ça. Nani alifikiri vile?"

Neno lilikuwa fupi. Lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi wa Émile, limevaa viatu, linangoja mlango tu. Mimi. Nani angejua? Ngosa hakuulizwa. Kwa neno hilo moja pengine kofia na filimbi zingerudi, na punda angesahauliwa. Émile akalimeza, na alilisikia likishuka.

"Ngosa," akasema. "Ni Ngosa, Bwana. Miye sikufikiri kitu."

Kwa hiyo Ngosa hakurudisha ufunguo. Fundi wa Kambove alirudishwa na treni ya mchana, akilaani. Na baada ya wiki mbili capita wa mashine akatangazwa, naye hakujua kusoma. Ikabidi karani amsomee manometa kila asubuhi na kumwita "Capita" mbele ya watu. Karani mwenyewe alipewa mwezi mzima wa kusimama mwambani juani, kuhesabu matundu ya marto ya nne. Feruzi alizima mashine makusudi ili asikike na kila mtu. "Karibu, muntu ya akili!" akapaza sauti. "Hapa kwetu upepo unalipiwa na Mungu."

Mvua ilikuwa bado haijanyesha siku mtoto wa Ngosa alipozaliwa, katika nyumba ile ile ya kambi. Claudine alikwenda na bukari na kuku. Émile alikuja nyuma yake kutoka mwambani moja kwa moja, shati limemng'ang'ania mgongoni, jeupe kwa vumbi na chumvi, akasimama nje akiogopa kuingia. Ngosa akamtolea kigoda. Angélique alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani, anampepea kwa lungo, ungo wa kupepetea unga. Alimtazama Émile kwa muda mrefu, toka kola hadi viatu. Hakumsalimu. Lakini alisogeza kigoda kwa mguu wake, karibu kidogo, na Émile alipoketi Angélique akageuza lungo, na upepo ukaanza kuwafikia wote wawili, mtoto na karani.

Ngosa akaangua kicheko. "Pepea, mama," akasema. "Hii haitoke mu tiyo yangu."

Hapo Mzee Émile alikuwa ananyamaza. Mgeni alidhani kisa kimekwisha, akaanza kutafuta kofia yake. Mama Claudine, aliyekisikia mara mia, aliacha kazi jikoni akaja kusimama mlangoni, kwa sababu alijua bado kuna maneno mawili, na katika kisa kizima ni hapo tu Mzee hakumtaja karani. Alisema alivyomwambia Angélique siku ile, akiangalia chini, upepo wa lungo ukimpiga shingoni.

"Miye nilikosa," alisema.

Kisha alimwomba Claudine maji ya kunywa.